Zimwi Lisilotisha: Kompresa na Hatima ya Sauti katika Fasihi Simulizi

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyewahi kuukalia mtihani wa fasihi simulizi atakuambia, hata ukimwamsha usiku wa manane, kwamba fasihi hii huwasilishwa kwa sauti. Hilo tumelikariri barabara. Ambalo hatujalikariri, na nathubutu kusema kwamba wengi wetu hatujalifikiria, ni yale yanayoipata sauti hiyo baada ya kutoka kinywani mwa fanani na kabla ya kutufikia sisi tunaojitia kuichambua. Makala haya yanadhamiria kumfikisha kizimbani mshukiwa mmoja ambaye jina lake halitajwi katika mihadhara yetu: kompresa.

Nifafanue mapema kwamba sizungumzii mtambo wa kujaza upepo. Ukiuliza kompresa mjini Kitengela utaelekezwa kwa fundi wa magurudumu, na hakuna ajabu hapo. Kompresa ninayoikusudia ni ya studio: chombo kinachopunguza tofauti baina ya sauti kubwa na sauti ndogo. Wapo wenzangu watakaonitaka niibunie istilahi. Kigandamizi, pengine, au kibanasauti. Tumekwisha kushuhudia tarakilishi na ngamizi zikigombea kiti kimoja ilhali kompyuta imeketi zamani, na sina hamu ya kuongeza mgombea mwingine. Nitaiita kompresa.

Ilikuwaje mtu wa fasihi akajiingiza katika mambo ya mitambo? Wakati wa likizo ndefu, nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili, nilikwenda Ewuaso Kedong, upande wa magharibi wa Milima ya Ngong, pale Bonde la Ufa linapojitandaza kuelekea Suswa. Nilibeba kinasasauti kidogo cha kidijitali na maikrofoni mbili, moja ya fanani na nyingine ya hadhira. Mwenyeji wangu alikuwa ajuza ambaye kila mtu pale bomani alimwita Koko, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo hivyo. Jioni ya pili alitusimulia hadithi ya zimwi, akichanganya Kiswahili na Kimaa, Kiswahili kwa ajili yangu na Kimaa kwa ajili ya hadithi yenyewe.

Kisa chenyewe kina ndugu katika jamii nyingi za Kenya. Mama anawaficha wanawe na kuwaonya wasimfungulie mlango mtu yeyote asiyeimba wimbo wake kwa sauti yake. Zimwi linamsikia akiimba. Linakuja mama akiwa hayupo, linaimba kwa sauti nzito, watoto wanakataa. Linakwenda kwa mganga kulainishiwa sauti, linarudi na kuimba tena, na mlango unafunguliwa. Msomaji ataona kwamba msuko mzima umetundikwa kwenye kigingi kimoja, nacho ni tofauti ya sauti. Ukiing'oa tofauti hiyo, hadithi haina pa kuning'inia.

Koko alilijua hilo kuliko mhadhiri yeyote aliyenifunza. Alipokuwa mama alinong'ona hadi mbuzi waliokuwa zizini wakasikika kumliko, na wajukuu wakalazimika kumsogelea. Alipokuwa zimwi alinguruma ghafla, na yule mdogo kabisa akajifunika shuka ya nyanyake. Kisha, zimwi lilipotoka kwa mganga, Koko aliimba kwa mnong'ono ule ule wa mama. Watoto walikuwa wamekwisha kusogea karibu. Walijisogeza wenyewe kwenye mdomo wa zimwi.

Siku iliyofuata nilinasa nyimbo za vijana. Anayezifahamu nyimbo za Wamaasai anajua ujenzi wake: olaranyani, kiongozi wa wimbo, huimba kwa sauti ya juu na nyembamba, na kundi humjibu kwa mvumo mzito wa kooni, tena na tena, mpaka mvumo huo uonekane kutoka ardhini. Sikurekodi sherehe yoyote, walikuwa vijana wakiburudika tu. Hata hivyo ni nyimbo za aina hiyo zinazoandamana na mila za Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2018 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Kwa hiyo jinsi tunavyozihifadhi si jambo la mzaha.

Nilirejea na kadi yangu, na kwa kuwa nilitaka kuwapelekea watu wa Ewuaso Kedong nakala safi, nikamwendea fundi mwenye studio ndogo Kitengela. Simtaji jina, wala simlaumu. Alikuwa mtu mwema na alinitoza kidogo. Alisikiliza dakika moja, akatikisa kichwa. "Mwalimu," akaniambia, "sauti hii imelala. Ngoja niiamshe." Akainasia kompresa yake, sanduku la chuma lenye mita mbili za mishale, lililofungwa kwenye fremu pamoja na mitambo mingine. Mishale ikaanza kucheza.

Hapa namwomba msomaji anivumilie, maana bila kuelewa sanduku hilo linafanya nini hatuwezi kulihukumu. Kompresa huwekewa kizingiti. Sauti iliyo chini ya kizingiti hupita bila kuguswa. Inayokivuka hupunguzwa kwa uwiano fulani: uwiano ukiwa 4 kwa 1, sauti iliyokivuka kwa desibeli 12 hutoka ikiwa imekivuka kwa desibeli 3 tu. Kisha huwekewa muda wa kushika, yaani inachukua milisekunde ngapi kuikaba sauti kubwa inapozuka, na muda wa kuachia, yaani inachukua muda gani kuiacha baada ya hapo. Mwisho, kwa kuwa sauti kubwa zimeshushwa na pamebaki nafasi juu, fundi huinua kila kitu kwa pamoja. Sikio husema: sauti imeamka.

Chukua hesabu iliyo karibu na ya kwangu. Ngurumo ya zimwi ilikuwa kwenye desibeli 6 chini ya kikomo cha mtambo, na mnong'ono wa mama kwenye 40 chini yake. Pengo ni desibeli 34. Weka kizingiti kwenye 30 chini ya kikomo, na uwiano wa 4 kwa 1. Mnong'ono haukuguswa. Ngurumo, iliyokuwa juu ya kizingiti kwa 24, ikabaki juu yake kwa 6. Pengo la 34 limekuwa 16. Inua vyote kwa desibeli 18, na mama sasa anazungumza kama mtu aliye kwenye meza ya mkutano, huku zimwi limebaki pale pale lilipokuwa. Na mbuzi nao wamepandishwa kwa desibeli 18, pamoja na upepo wa Ngong, ambao hauhitaji kupandishwa na mtu yeyote.

Kwenye nyimbo hali ilikuwa ya namna nyingine. Kompresa ya stirio huwa na swichi ya kuunganisha pande mbili ili zishushwe kwa kiasi kimoja. Zisipounganishwa, sauti ya katikati huyumba kulia na kushoto kila upande mmoja unapokabwa peke yake. Fundi aliziunganisha, na kwa kanuni za kazi yake alifanya vyema. Lakini olaranyani alikuwa kwenye maikrofoni ya kushoto na kundi lilikuwa kwenye ile ya kulia. Sauti nzito huwa na nguvu nyingi katika umeme wa mtambo kuliko sikio linavyodhani. Kila kundi lilipovuma, mtambo ukashtuka na kushusha pande zote mbili, na kiongozi akazama pamoja nao. Walipovuta pumzi, akaibuka. Mtu asiyejua angeandika katika tasnifu yake kwamba katika nyimbo hizi kiongozi hupunguza sauti kwa heshima kila jamii inapojibu, na angepata aya nzuri sana kuhusu falsafa ya Kiafrika ya utangamano. Nami nakiri kwamba niliianza aya hiyo. Kumbe falsafa ile ilikuwa ya sanduku la chuma. Zipo kompresa zenye swichi ya kuuziba mtambo masikio yake usizisikie sauti nzito wakati wa kupima, lakini ni lazima mtu ajue kwamba kuna tatizo kabla hajaitafuta.

Je, nilichukizwa niliposikiliza mara ya kwanza? La. Nilifurahi. Kila neno lilisikika. Nikarudi Ewuaso Kedong na furaha yangu, nikamwekea Koko spika mbele yake. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mbona zimwi limesimama mbali? Na mama, mbona anapiga kelele? Watoto watajuaje ni nani?"

Sikuwa na jibu. Wala sikuwa na rekodi ya asili, kwa maana baada ya kukabidhiwa nakala "iliyoamka" nilikuwa nimeifuta kadi ili niitumie kwingine. Kosa hilo ni langu mwenyewe.

Mgala muue na haki yake umpe. Kompresa haikubuniwa ili kuwaonea mafanani. Sahani za santuri zilikuwa na mipaka: sauti ikizidi, sindano huruka nje ya mfereji, ikipungua, humezwa na mkwaruzo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, mipaka hiyo ilikuwepo, na mafundi wa enzi hizo waliidhibiti kwa mkono kwenye kitufe na kwa kupanga nani asimame wapi. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1950 akirekodi muziki wa wenyeji, alikuwa na desturi ya kuishika maikrofoni mkononi na kuisogeza kutoka kwa mwimbaji hadi kwenye ala. Tuseme kwamba mkono wake ulikuwa kompresa, ila mkono una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuulizwa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 Rein Narma, mhandisi mzaliwa wa Estonia, alibuni huko Marekani mtambo wa Fairchild 670, kompresa ya pande mbili yenye mirija 20 na transfoma 11, uzito wake kiasi cha kilo 30, na kazi yake ya awali ilikuwa hiyo hiyo ya kulinda sahani wakati wa kuchongwa. Baadaye mafundi wakagundua kwamba mitambo ya namna hii huipa muziki mshikamano unaopendeza, na tangu hapo kompresa ikawa ala miongoni mwa ala. Taarabu unayoisikia redioni leo, benga na bongo fleva, zote zimepita humo. Mimi mwenyewe, nikiwa ndani ya matatu iteremkayo kutoka Ngong, nasikia maneno ya wimbo kwa hisani ya kompresa. Bila hiyo ningesikia injini na utingo.

Hoja yangu, basi, haiwagusi wanamuziki. Inatugusa sisi.

Sisi tumekuwa tukitumia kompresa miaka yote bila kujua. Vinasasauti vidogo vya kaseti, ambavyo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa fasihi simulizi walivibeba nyanjani, aghalabu vilikuwa na kidhibiti cha ndani kilichojipandisha na kujishusha chenyewe, na mara nyingi hakikuwa na swichi ya kuzimia. Simu za kisasa hufanya vivyo hivyo, tena nyingi huongeza na uchujaji wa makelele, ambao huweza kuudhania mnong'ono kuwa kelele. Chukua kaseti yoyote ya zamani, sikiliza mahali fanani anaponyamaza. Utasikia mandhari yote ikipanda polepole: jogoo, mtoto anayelia, upepo, kana kwamba vimeitwa kusogea karibu. Fanani anaposema neno linalofuata, vyote vinarushwa nyuma kwa mkupuo. Ukimya ule, ambao kwa msimulizi ndio silaha kali kuliko zote, umejazwa mbuzi.

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba fasihi hii ni tukio, lenye fanani wake, hadhira yake, mahali pake na wakati wake. Tunamnukuu kila mwaka. Lakini tunaporejea kutoka nyanjani tunaandika "hapa fanani anapaza sauti" au "hapa anashusha sauti" kwa kusikiliza rekodi ambayo imekwisha kuamuliwa na mtambo ni nani apaze na nani ashushe. Tunaeleza uamilifu wa kidhibiti cha kaseti na kuuita mtindo wa fanani.

Najua nitajibiwaje. Mhadhiri mmoja ninayemheshimu ameniambia kwamba maandishi yenyewe ndiyo kompresa kuu kuliko zote. Hollis alipochapisha hadithi za Wamaasai mwaka 1905, na Naomi Kipury alipochapisha mkusanyiko wake mwaka 1983, mnong'ono na ngurumo zilitoka katika ukubwa mmoja wa herufi, na hakuna aliyelia. Hoja hii ina uzito na nimeifikiria sana. Lakini kitabu hakijifanyi kuwa sauti. Msomaji wa Kipury anajua kwamba anasoma, na mawazo yake mwenyewe humrudishia zimwi ukali wake. Rekodi hudai kuwa ndiyo sauti yenyewe, nasi huiamini, huipima, na kuiweka maktabani kama ushahidi.

Wenzetu wa fonetiki nao wasijione wamesalimika. Ni kweli, na lazima isemwe kwa haki, kwamba kompresa haibadilishi kidato cha sauti; toni za Kimaa hupita salama, na urefu wa irabu pia. Lakini anayepima nguvu ya silabi yenye mkazo katika Kiswahili kutokana na rekodi iliyobanwa anapima kazi ya fundi. Na muda wa kushika ukiwa mfupi mno, mchomoko wa konsonanti vipasuo hukabwa unapozaliwa. Anayetaka kuchunguza mpumuo unaotofautisha paa wa mwituni na paa la nyumba katika Kimvita angependa kujua mapema kama mtambo wake ulikuwa na haraka.

Tena tusichanganye mambo mawili. Kuna kubana faili ili lipungue ukubwa na litumike kwa simu, na kuna kubana kimo cha sauti. La kwanza hutupa baadhi ya vipengele ambavyo sikio hudhaniwa halivihitaji. La pili hubadilisha uhusiano wa sauti kubwa na ndogo. Nimewasikia wanafunzi wakijitetea kwamba rekodi yao "haikubanwa" kwa kuwa faili ni kubwa. Faili laweza kuwa kubwa kama tembo na zimwi lililomo likawa kondoo.

Ajabu ni kwamba sababu ya kale ya kubana wakati wa kunasa imekwisha. Kaseti ya kawaida ilimudu pengo la desibeli 50 hivi baina ya sauti kubwa kabisa na mchakacho wake yenyewe. Kinasasauti cha biti 24, hata cha bei nafuu, humudu zaidi ya hapo kwa mbali. Mtafiti anaweza kuzima kidhibiti cha ndani, akaacha nafasi ya desibeli 12 au zaidi juu kwa ajili ya ngurumo, na mnong'ono ukapatikana vilevile. Sauti itaonekana "imelala". Iache ilale, msikilizaji akitaka, ataongeza mwenyewe.

Nilimrudia Koko mwaka uliofuata nikiwa nimejifunza haya yote, maikrofoni zimepangwa vizuri na kidhibiti kimezimwa. Nikamwomba anisimulie tena. Akakubali, akakaa wima, akaukabili mtambo kama mtu anayehojiwa na redio, na akasimulia hadithi yote kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sauti moja, wazi, isiyopanda wala kushuka. Mama, zimwi na mganga walizungumza sawasawa. Wajukuu walikaa pale walipokuwa wameketi. Nilipomuuliza kwa nini hakunguruma, alinitazama kwa mshangao. Alisema kwamba nilipomletea ile ya kwanza alisikia jinsi mashine inavyotaka mtu aongee, na hakutaka kunipa kazi tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisumbua idara yetu kwa mambo machache, na wenzangu wamechoka nami. Kwamba rekodi ya asili ihifadhiwe mahali pake bila kuguswa, na kadi isifutwe mpaka nakala mbili ziwe zimethibitishwa. Kwamba nakala ya kuchezwa redioni au kwenye tamasha ibanwe watakavyo, lakini iitwe nakala. Kwamba katika sura ya mbinu za utafiti, pale tunapojaza kurasa kwa kueleza "hojaji" na "usaili", tuongeze sentensi mbili: ni kinasasauti gani kilitumika, na kidhibiti chake kilizimwa au la. Kwamba fanani asichezewe nakala iliyobanwa kabla ya kuisikia ya asili. Huko Nairobi, Ketebul Music ya Tabu Osusa, kwa ushirikiano na Abubilla Music ya London katika mradi wa Singing Wells, wamekuwa wakiipeleka studio kwa wasanii vijijini badala ya kuwaita wasanii studioni. Wao ni watu wa muziki. Sisi watu wa fasihi tunaendelea kutuma mwanafunzi nyanjani na simu, bila somo hata moja la saa moja kuhusu sauti, katika taaluma inayojiita simulizi.

Nakala ya kwanza ya Koko, ile ya Kitengela, ingali katika kabati la chama chetu, na imeshatumiwa katika semina mbili ninazozijua. Mwezi uliopita niliitoa, nikabandika karatasi juu yake: "Imepitishwa kwenye kompresa. Rekodi ya asili haipo. Sauti ya zimwi isitumiwe kama ushahidi."